Gurudumu la Mbele

Fundi anayefanya kazi mkabala na ua wangu hapa Gisenyi hapazi sauti anapokasirika, huishusha. Huanza kufuta spana ambayo tayari ni safi, akiizungusha polepole ndani ya kitambaa kwa vidole vyake vinene, na wateja wanaomfahamu hunyamaza. Jana alikuwa ameinua gari la mteja wake Cyiza, dereva wa abiria, kwa springi na shokomzoba ndefu zaidi, kisha akafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ili ayanyooshe, kwa kuwa gari likiinuliwa magurudumu hupoteza mwelekeo. Cyiza aliukanyaga uzi ule akielekea mlangoni mwa gari.

“Bon, inatosha, vieux, mzee wangu. Kunyoosha tutafanya lundi, hiyo Jumatatu. Kesho nabeba wamama wa kwaya, tunapanda Kanama.”

“Inavuta kushoto,” fundi alisema, akifuta spana.

“Mi nitashika usukani nguvu.”

“Na kushoto kule iko nini?”

“Iko bonde na ndizi. We unaogopa ndizi?” Cyiza alicheka peke yake.

Fundi aliingiza jeki, akafungua nati moja baada ya nyingine, akalitoa gurudumu la mbele, akaliviringisha hadi kivulini na kulikalia. Cyiza alifoka, akapiga boneti kwa ngumi, akaapa kwamba anakwenda polisi.

“Nenda,” fundi alisema, kwa sauti ndogo niliyoisikia kwa shida. “Nenda na miguu. Miguu yako haivuti kushoto.”