Jina Aliloliita Mwalimu Zedekia

Mwalimu Zedekia Masereka alikuwa mtu mfupi mwenye matege na sauti ya kuamsha kituo kizima cha reli. Ungemwona barabarani Kasese, mpira kwapani, filimbi shingoni, ungemcheka. Nasi tulimcheka, mpaka alipoanza kutukimbiza. Asubuhi alifundisha hesabu shule ya msingi, jioni akawa kocha wetu wa basiketi, na hapo huruma aliiacha nyumbani.

Mchezo huo aliutoa chuo cha ualimu mwaka 1964. Ringi mbili alizitengeneza kwa vyuma vya mapipa, akazipigilia kwenye nguzo za mikaratusi nyuma ya bohari la pamba. Mimi, Badiru, mtoto wa mchinjaji, nilijiunga kwa sababu nilikuwa na mbio, na pia kwa sababu baba alitaka jioni nisafishe utumbo.

Kabla hajatufundisha kufunga, Mwalimu alitufundisha kuitana. Zoezi lake kuu lilikuwa mwito. Tulisimama watano kwenye duara. Mwenye mpira, kabla haujatoka mkononi, lazima aite jina la anayempa, na aliyeitwa lazima ajibu "Niko!" kabla haujamfikia. Ukichelewa kujibu, timu nzima inakimbia mpaka stesheni na kurudi.

"Macho yanadanganya," alisema. "Watu wakipiga kelele, vumbi likiruka, utashika jina tu. Sitaki ufikiri. Ukisikia jina lako, mdomo ujibu wenyewe."

Na midomo ikazoea kujibu yenyewe. Mwaka 1967 alijiunga nasi Oryem, askari kutoka kambini, Mwacholi mrefu wa kaskazini, mpole kuliko sisi sote. Mkewe, Ajok, alikuja siku moja uwanjani kulalamika. "Mwalimu, umeniharibia mume," alisema. "Usiku anaruka kitandani, anapiga kelele 'Niko!' Nani anamwita huko?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwalimu alijivuna wiki nzima, akasema huyo sasa ndiye mchezaji.

Januari 1971 serikali ikapinduliwa. Kambini majina yakaanza kusomwa kwenye karatasi, majina ya watu wa kaskazini, na waliosomwa hawakurudi. Oryem alikuwa likizo siku jina lake liliposomwa. Ajok akaondoka na treni kwenda kwao, amejifunga kitambaa kichwani kama mjane ili mumewe adhaniwe amekufa, naye mumewe akaingia stoo ya Mwalimu Zedekia, nyuma ya magunia ya mahindi. Alikaa humo miezi mitano. Mwalimu alikuwa na mke na watoto, na angeuawa pamoja nao, lakini sikumsikia hata mara moja akilalamika. Hilo liwekwe mbele ya yote nitakayosema.

Mwezi wa sita timu ya Bwera ikatualika. Bwera iko mpakani. Ukivuka mto uko Kongo, na kule hakuna aliyemjua Oryem kwa sura. Mwalimu akaona mlango. Tutaondoka wachezaji sita, tutacheza, na watu wakiwa wanakula, Oryem atavuka na Tabisa, mama muuza chumvi wa Kabatoro aliyevuka pale kila siku ya soko. Mimi niliiba tikiti ya kodi, ile iliyotumika kama kitambulisho, ya binamu yangu Hamuza, mtu wa Arua, upande wa watawala wapya. Oryem akawa Hamuza. Nikamfundisha salamu za msikitini na jinsi ya kutawadha.

Kisha Mwalimu akatufungia stooni wiki mbili, bila mpira, tukifanya mwito kwa kurushiana gunzi la mahindi. "Hamuza!" "Niko!" "Hamuza!" "Niko!" Tulifanya kwa kunong'ona mpaka tukachoka. Siku ya mwisho hakuna aliyekosea.

"Hutaingia uwanjani," Mwalimu alimwambia. "Utavaa jezi, utakaa benchi. Wewe ni wa sita. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu Oryem.

Kizuizini Kikorongo askari aliitazama tikiti, akaitazama tena, akatupungia mkono tupite. Tabisa tulimkuta Bwera chini ya baraza la duka, mifuko yake miwili ya chumvi miguuni. Alimpima Oryem kwa macho. "Huyu mutu iko murefu sana," alisema. "Lakini atabeba mufuko kichwani, atainama kidogo. Mukimaliza mupira, mumulete hapa mbiombio."

Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa, na maganda bado yalikuwa kwenye nyufa. Bwera nzima ilikuja. Pembeni, chini ya ringi, walisimama askari wawili wa mpakani, wametia mikono mifukoni, wamekuja kutazama kama watu wengine.

Watu wa Bwera walitucheka tangu mwanzo. Mwanamke mmoja alimwiga Mwalimu anavyotembea kwa matege, umati ukaangua kicheko, na mimi nikauona uso wa Mwalimu ukibadilika. Zilipobaki dakika tatu tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Hapo Kiiza wetu akateguka kifundo.

Tungeweza kumaliza wanne. Sheria inaruhusu, na Mwalimu aliijua kuliko sisi. Alitazama ubao wa pointi. Alimtazama yule mwanamke. Kisha akamtazama Oryem, na Oryem, ambaye kwa miezi mitano hakuwa ameona jua ila kwenye ufa wa ukuta, alikuwa tayari anafunga kamba za viatu.

"Dakika tatu tu," alisema Mwalimu. "Ingia, Hamuza."

Nami nilifurahi. Hilo ninaliandika wazi. Nilitaka kushinda.

Sekunde za mwisho, bado tuko nyuma kwa pointi moja, mpira ulikuwa mkononi mwangu. Tulicheza mpango uitwao geti: wawili wanasimama kama miimo ya mlango kuwazuia walinzi, wa tatu anapenya katikati kwenda kwenye ringi. Umati ulinguruma, mtu wa Bwera alinisimamia usoni, sikuona kitu. Mwalimu ndiye aliyeona. Aliona geti limefunguka na mtu wake yuko peke yake, na ile sauti yake ikaruka juu ya vichwa vya watu wote.

"Oryem!"

"Niko!"

Jibu lilikuja kabla hata mimi sijaelewa nimesikia nini. Mkono wangu nao ulikuwa umeshaachia. Oryem aliudaka mpira, akaruka, akaulaza ndani ya ringi taratibu, mtu angedhani anaweka yai kwenye kikapu. Tukashinda kwa pointi moja.

Watu walipiga makofi, hata wa Bwera. Yule askari mrefu alitoa mikono mifukoni.

"Wewe namba tisa. Kuja hapa. Jina yako nani?"

"Hamuza, afande."

"Hamuza. Na Oryem iko wapi?"

Oryem alijipangusa jasho kwa jezi.

"Mimi nasikia mutu anaita Oryem. Nasikia wewe nasema niko." Akatugeukia sisi. "Nani naita?"

Mwalimu Zedekia alifungua mdomo. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Ulimi ulisogea, sauti haikutoka. Mtu aliyetufundisha miaka yote hiyo kwamba ukiitwa lazima ujibu, aliitwa, na hakujibu. Oryem alimtazama kwa muda mfupi. Kisha akavua jezi, akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akaenda nao. Tabisa alisubiri mpaka giza lilipoanza kuingia, akavuka na mifuko yake yote miwili.

Oryem hatukumwona tena. Ajok tulimpelekea habari kwamba kuna msaliti Bwera aliyemchongea mumewe. Ulikuwa uwongo wangu mimi, Mwalimu hakuupinga.

Mazoezi yaliendelea, maana kuyaacha kungezua maswali. Lakini mwito ulikufa. Tulipasiana kimya, tukafungwa na kila timu. Mwalimu hakupaza sauti tena, alipuliza filimbi tu. Nami nilikuwa nikipita alfajiri kupeleka nyama sokoni, na nilimsikia. Alisimama peke yake kwenye duara, mpira mikononi, anaita kwa sauti ya chini, "Oryem." Anangoja. Anauachia mpira, unadunda mpaka ukutani. Anaufuata, anarudi, anaita tena. Watu walisema amepagawa na mizimu. Mimi nilikuwa naharakisha baiskeli, kwa sababu kila alipoita nami nilisubiri jibu, na niliogopa kwamba siku moja nitalisikia. Miaka minane nilipita pale, na sikuthubutu kukanyaga mahali alipokuwa akisimama Oryem.

Mwaka 1979, vita vilipokwisha, Ajok alishuka kwenye treni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alikuja kwangu buchani kwanza, akalala nyumbani kwetu, na kulipopambazuka akataka nimpeleke kwa Mwalimu. Nilijua tutamkuta wapi.

Alikuwa anaita. Ajok alisimama kwenye kona ya bohari, akasikiliza mara mbili, mara tatu. Nikakohoa. Mwalimu akageuka, akamtambua, mpira ukamponyoka.

"Mama, yule msaliti wa Bwera..." nilianza, ulimi wangu ukikimbilia uwongo wetu wa zamani.

"Nyamaza, Badiru," alisema Mwalimu. Akamkaribia mama yule kwa miguu yake ya matege, akasimama mbele yake kama mtoto wa shule. "Hapakuwa na msaliti. Ni mimi nilimwingiza uwanjani, kwa ajili ya pointi moja. Ni mimi nilimwita kwa jina lake. Na waliponiuliza nani ameita, nilinyamaza."

Nilidhani atampiga. Ningekuwa mimi ningempiga. Ajok alitazama ringi, akatazama duara lililochimbika kwa miaka ya nyayo, na machozi yakamtoka bila yeye kuyapangusa.

"Na sasa unamwita kila siku," alisema.

"Kila siku."

Aliinama, akaokota mpira, akamrudishia mikononi.

"Usimwite tena, Mwalimu. Ulipomwita, alikujibu. Mwache alale."