Bisibisi ya Darajani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau, na mimi ni mtu wa kusahau hata kama nshakula. Ni siku tuliyokwenda kurusha ndege Jambiani. Nakusimulia kwa sababu nimesikia wiki ijayo unaanza mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya ndege. Kabla hujavaa kitambulisho shingoni ukazunguka nacho Mji Mkongwe wote watu wakuone, kaa kwanza unisikilize.

Mimi nilichelewa kusoma. Mchana nikibeba mizigo bandarini, usiku nikienda darasani, miaka mingi mpaka popo wa shule ile wakanijua kwa jina. Nilipofika chuo cha ufundi nilikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, na mwalimu wa hesabu alikuwa akijisahau ananiamkia shikamoo. Chuo kikanipeleka miezi mitatu kwenye kampuni ndogo ya watu watano, karakana yao chini ya majumba ya Michenzani. Walikuwa wakiunda ndege zisizo na rubani, za kupiga picha mashamba ya mwani kutoka juu. Mabawa yake yalikuwa marefu kama kitanda. Nyumbani nilikwenda kusema ni marefu kama msikiti.

Mkuu wetu alikuwa mhandisi Bi Zarina, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mji Mkongwe, mtu wa sauti ya chini. Ukutani aliweka ubao ambao kila kifaa kimechorewa umbo lake, na juu ya mchoro ndipo kinapotundikwa. Kazi ikiisha, kila kitu kinarudi mahali pake. Mchoro mmoja ukiwa mtupu, ndege haitoki, kwa kuwa huenda kifaa kimesahauliwa tumboni mwake, na huko kinaweza kuubana waya wa mkia ndege ikiwa angani. Bi Zarina hakuondoka siku hata moja bila kusimama mbele ya ubao ule, kimya, kama mtu anayesoma dua.

Sasa, siku moja kabla ya kwenda Jambiani, mimi ndiye niliyelifunga tumbo la ndege. Nikalipaka gundi, ikakauka, nikaanza kurudisha vifaa. Bisibisi ndogo haipo. Nikatafuta chini ya meza, ndani ya viatu vyangu, mpaka ndani ya birika la chai. Tumbo lilikuwa limeshaganda. Kulifungua tena ni kazi ya siku nzima. Na ripoti yangu ya chuo Bi Zarina alikuwa bado hajaiandika, na bila ripoti nzuri cheti sikipati, na jasho lote lile la shule ya usiku limekwenda bure.

Wenzangu walikuwa wamekwenda kusali alasiri. Nikakimbia sokoni Darajani, nikanunua bisibisi iliyofanana na ile kama pacha, nikaipaka grisi ionekane kongwe, nikaitundika. Bi Zarina akaja akautazama ubao.

"Umejaa," akasema. "Kesho tunarusha."

Asubuhi Jambiani maji ya bahari yalikuwa yametoka, na wanawake wameinama wanafunga mwani kwenye kamba zao. Bibi mmoja akatujia, nguo zimemrowa mpaka kiunoni.

"Hii ndiyo itakayopita juu yetu?"

"Ndiyo, bibi," akajibu fundi Makame, mtu wa Makunduchi asiyekosa neno. "Ikianguka chukua bawa, ufanye mlango wa banda la kuku."

Bibi akacheka, kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa ajili ya umri wangu. "Na wewe, baba, unasemaje? Haituangukii?"

Mwanangu, ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba bandarini. Nikamwita Bi Zarina pembeni.

"Bisibisi iliyoko ubaoni si yetu," nikamwambia. "Nimeinunua Darajani. Yetu nshaipoteza, na sijui kama imo ndani."

Aliwatazama wale wanawake walioinama. Kisha akaenda mwenyewe kuchomoa betri.

"Kupoteza bisibisi si kitu," akaniambia. "Mimi nshapoteza nyingi. Lakini ubao ule ndio macho yangu. Jana nimeutazama nikidhani naiona ndege, kumbe natazama woga wako."

Tukatandika mkeka, tukaikata ndege tumbo. Ndani hamkuwa na kitu. Maji yakajaa, wanawake wakaenda zao, na sisi tukarudi mjini bila picha hata moja. Siku ya nne Makame akaikuta bisibisi ndani ya bunda la vitambaa vya kufutia.

"Siku nzima, bwana we, kwa bisibisi isiyokuwemo," akanitania. "Ungenyamaza tungeruka salama."

Bi Zarina alikuwa akiandika, hakuinua kichwa. "Tungeruka salama, naye angejifunza kwamba kuficha kunafaa. Ndege ya pili ungesimama chini yake wewe?"

Makame akaichukua bisibisi, akaenda kuitundika ubaoni.

Ripoti yangu akanipa niisome mbele yake: "Alificha kosa. Akalisema kabla ndege haijaruka. Ningependa arudi." Nilirudi, na mpaka leo ndevu zinaanza kuwa nyeupe nimo karakanani mule.

Basi nnakwambia, mwanangu: huko uendako utakosea, maana wewe ni mwanafunzi na hiyo ndiyo kazi yako. Ukikosea, sema siku ile ile, usingoje kama nilivyongoja mimi. Usione haya mbele ya mkuu wako ukawasahau walio chini ya ndege. Na ukisema, halafu ikaonekana hapakuwa na hatari yoyote, wakakucheka, wacha wacheke. Umefanya kazi yako.

Nenda, Mola akutulizie mkono na akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli. Kila utakachokifunga kikapande salama, na walio chini yake wasiwe na haja ya kuinua macho.