Gogo la Mbele

Kisiwani Mauke kuna watu wanaojua kupiga ngoma, halafu kuna Ngatupuna. Hivyo ndivyo Ngatupuna mwenyewe alivyoligawa kabila zima. Wapigaji wa Rarotonga, kisiwa kikuu, aliwaita watwanga magimbi. Kwaya ya kanisa, alisema, inaimba kama inakimbizwa na nguruwe. Mkewe, Tekura, aliyasikia haya kila asubuhi pamoja na chai, na alikwisha kuamua kwamba hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kelele.

Ngoma zao ni magogo yaliyochimbwa ndani, na Ngatupuna alipiga gogo la mbele, lile linalotoa mwendo kwa kikosi kizima. Nyuma yake alikaa Mataio, mpigaji wa pili, mtu mpole mwenye mabega ya kubebea magunia. Desturi yao ni hii: gogo la mbele likinyamaza kwa sababu yoyote ile, la pili halingoji kuambiwa. Linaushika mwendo, polepole zaidi, ili mguu wa mchezaji usibaki hewani.

Basi wiki chache kabla ya mashindano ya Rarotonga, katikati ya mazoezi, Ngatupuna aliinamisha kichwa, fimbo zikamtoka mikononi. Mataio akaushika mwendo. Wachezaji wakapunguza kasi, wakaendelea kucheza huku wakimwibia macho. Punde Ngatupuna akafumbua macho, akasikia ngoma isiyo yake, na bwana mkubwa huyu, badala ya kujiuliza alikuwa wapi, akawaka.

"Nani amekuruhusu?"

"Ulinyamaza, Baba," Mataio akasema.

"Mimi? Umenifunika kwa vishindo vyako, ukidhani sikuoni. Ondoka hapa. Nenda kapige masufuria jikoni kwenu."

Watu arobaini walimwona alivyozimika. Hata mmoja hakufungua mdomo. Mataio akalibeba gogo lake, akaenda zake. Tekura aliwatazama wote, akawaona kondoo watupu, kisha akaenda kumwita Tuaine.

Tuaine ni mtoto wa dada yake Ngatupuna, muuguzi wa zahanati, na ulimi wake haujawahi kwenda likizo. Alikuja na mashine ya kusoma moyo, akambandika mjomba wake waya kifuani, akautazama mstari ukitoka kwenye karatasi.

"Mjomba, umewahi kuanguka kabla ya hapo?"

"Mimi sianguki. Huwa nafikiri."

"Anafikiri bafuni," Tekura akasema. "Anafikiri na sabuni mkononi, kichwa sakafuni."

Tuaine akavuta kiti. "Sikia. Moyo hauongozwi na kichwa chako, na ni bahati yako. Ubongo unaweza kuuhimiza au kuutuliza, basi. Mapigo yanaanzia moyoni penyewe. Juu kulia kuna kipande kidogo cha nyama kinachotoa umeme, tena na tena, bila kuombwa. Hilo ndilo gogo la mbele. Umeme unateremka mpaka katikati, unazuiwa kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu, ndipo unaachiwa kwenda chini, navyo vya chini vinakamua."

"Na langu la mbele limechoka?"

"Lako la mbele ni zima kabisa. Linapiga vizuri, lakini pale katikati njia imekatika. Huko chini hawalisikii."

Ngatupuna akamgeukia mkewe kwa ushindi. "Umesikia? Mimi mzima. Walio chini ndio wavivu."

"Walio chini ndio wamekuweka hai, mjinga wewe," Tuaine akasema, heshima ikiwa imemwishia. "Wakikosa amri, wanajipigia wenyewe, polepole. Siku wakichelewa kuanza, unazimika. Siku wasipoanza, tunachimba. Unahitaji kifaa cha kuwekwa kifuani kiwapigie hao wa chini, na kinawekwa ng'ambo, hospitali ya Auckland. Ndege ya wagonjwa ni wiki ya mashindano."

"Nitakwenda baada ya mashindano."

"Haya," Tekura akasema. "Ukinyamaza jukwaani, nani atashika? Wa pili si umemfukuza?"

Ngatupuna akaikunja ile karatasi ya mstari, akaitia mfukoni. Jioni alikwenda kwa Mataio. Msamaha hakuomba, msitarajie makubwa. Alimwekea mlangoni fimbo zake mwenyewe za gogo la mbele, akasema, "Usizivunje," akageuka.

Siku ya mashindano alikuwa kitandani Auckland, kifaa kimeshashonewa chini ya mtulinga. Tekura alimshikia sikioni simu iliyopigwa kutoka Rarotonga. Mauke walikuwa jukwaani, gogo la Mataio mbele.

"Polepole," Ngatupuna akasema. "Anapiga kama anabembeleza mtoto. Aibu."

"Wamesimama?" Tekura akauliza.

"Nani?"

"Wachezaji. Wamesimama, au bado wanacheza?"

Alilikandamiza sikio kwenye simu, akitafuta vishindo vya miguu, mkono juu ya bandeji.

"Hawajasimama," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. Tekura alipotaka kuikata simu, akamshika kifundo cha mkono. "Iache, mwanamke. Ngoja wamalize kunitia aibu."