Mwalimu Asiye na Darasa na Msusi Aliyeshindwa na Dawati

Saa moja kasorobo asubuhi, saluni bado haijapokea mteja. Katikati ya viti vya kusukia limewekwa dawati la shule, limechongwa majina ya watu ambao leo wana wajukuu. Binti wa miaka kumi na tisa amekaa hapo, karatasi ya hesabu mbele yake. Mwalimu Kikapu amesimama mlangoni kuzuia wapitaji.

"Dakika arobaini, mwanangu. Na vidole vitulie."

Jina la Kikapu alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu ya kikapu anachobebea madaftari. Ni mwalimu wa shule ya serikali, ila darasa hana. Mpango wake humfuata mwanafunzi alipo: gereji, kiwanda cha mikate, wodini, nyumbani kwa mama aliyejifungua juzi. Ana wanafunzi ishirini na watatu. Humtembelea kila mmoja mara moja kwa wiki na kumwachia kazi ya siku tano. Viatu vyake, anasema, havivuki miezi mitatu.

Binti huyu, ambaye wote humwita Msusi, aliacha shule kidato cha pili. Kila asubuhi aliwaandaa wadogo zake wawili kwanza, na kila alipofika shuleni alikuta amechelewa. "Nikaona isiwe tabu," anasema. "Nikashika kitana."

Mwalimu aliamua kumfundisha hapo hapo kazini. Hesabu za sehemu walizifanyia kwenye kichwa cha mteja: gawa mara nne, kila robo itoe mistari mitatu. Uwiano ukatoka kwenye pakiti za nywele. Binti akawa anajibu huku anasuka, wala hakosei.

"Nikavimba kichwa," anakiri Mwalimu. "Ofisini nikawatambia wenzangu mpaka wakanichoka."

Kisha yakaja majaribio ya kwanza, kwenye ukumbi wa shule. Msusi akapata kumi na tisa kwa mia. Anayekosa alama thelathini mara mbili hasajiliwi kwa mtihani wa taifa. Atasubiri mwaka mzima, na wanaosubiri kweli ni wachache.

"Mikono ilikuwa haina kazi," Msusi anaeleza. "Nikiitazama naiona mitupu tu. Na kichwa nacho kikanyamaza."

Mwalimu alilia siku hiyo, na hafichi. "Kosa ni langu. Nilimfundisha vizuri, lakini mahali pamoja tu. Mkuu wangu akaniuliza, 'Si nilikwambia shule ni dawati?' Nikamwomba hilo dawati."

Ndivyo lilivyofika saluni. Mwenye saluni alilikubali kwa shingo upande, maana lilikula nafasi ya kiti. Siku hizi yeye ndiye mkali zaidi: hata mchana wateja wakijaa, mazoezi yakianza redio inazimwa, na anayeongea anafokewa. Wiki iliyopita mteja mmoja, kichwa chake kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, hata hajisikii anavyopaza sauti, alipayuka, "Theluthi mbili!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Jibu lenyewe lilikuwa robo tatu.

Majaribio ya pili yalifanyika Ijumaa. Mwalimu haruhusiwi ukumbini, hivyo aliuzunguka uwanja kama mkwe anayesubiri kukaribishwa ndani. Jumatatu matokeo yakabandikwa: arobaini na moja. Aliusoma mstari mara tatu kwa kidole, kisha akaketi kwenye ngazi.

Mwaka jana wanafunzi wake tisa walifanya mtihani wa taifa, wakafaulu wanne. Sasa anataka kila mmoja, tangu mwezi wa kwanza wa masomo, awe anakaa ukumbini angalau mara moja kwa mwezi. "Tunawafuata walipo, sawa. Lakini tukiwaacha hapo hapo, tumewasaidia nini?"

Alipofikisha habari saluni, Msusi alipiga vigelegele mpaka mteja wake akaruka. Mwalimu akatoa ratiba wapange siku ya kukutana tena.

"Jumanne usije, Mwalimu," binti akamwambia. "Nenda kwa yule fundi pikipiki, ulisema amekwama. Mimi nitakuja shuleni mwenyewe."

Mwalimu akalikata jina lake kwenye ratiba ya Jumanne. Amekata majina mengi, anasema, na kila mara ni kwa sababu mwanafunzi ametoweka. Hili ndilo la kwanza alilolikata akitabasamu.