Kuku wa Ukaguzi

Siku hizi mtu akinitajia neno "wadau", nageuka kwanza kuangalia banda la kuku. Msinicheke. Neno hilo liliingia nyumbani kwetu, upande wa Mgori, likakalia viti vyetu, likanawa mikono, likala likashiba.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Halmashauri, shirika moja la misaada na kampuni ya mayai ya mjini, wenyewe wakijiita wadau, walikubaliana kuwashika mkono akina mama wenye mabinti waliomaliza kidato cha nne wakakaa nyumbani. Kila mama angepewa vifaranga chotara awakuze. Siku ya ukaguzi wa mwisho, banda likikutwa limejaa, kampuni ingenunua mayai yake, shirika lingemlipia binti yake ada ya chuo cha ufundi, na halmashauri ingemtafutia nafasi huko chuoni. Banda lisipojaa, basi.

Mdogo wangu, mmoja wa mabinti hao, alitaka kusomea umeme. Nguzo ndiyo kwanza zilikuwa zimefika kijijini, na fundi alitoka mjini kwa bodaboda, ukimwita leo anakuja siku akijisikia. "Dada, nikirudi na cheti, yule hakanyagi tena hapa," aliniambia, huku anacheka. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Mama aliwalea wale vifaranga kama watoto njiti. Upepo wa kwetu mnaujua, kipupwe kikishika hata mbuzi wanatetemeka, lakini wao walikuwa na jiko la mkaa bandani. Akawachanja dhidi ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima. Bwana mifugo aliposema wa kienyeji wasichanganywe na chotara kwa sababu ya magonjwa, mama akauza wa kienyeji wote, asibakize hata jogoo. Hapo ndipo tulipojifunga kamba wenyewe, ila nani alijua?

Kisha ziara zikaanza.

Kwetu mgeni wa heshima hapewi chai akaondoka. Anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa kwenye bakuli lake, iwe yake peke yake. Ukimwandalia mtu mzima kuku asiye na firigisi, umemwambia wazi kwamba yupo mkubwa kuliko yeye. Sasa wanakuja wakubwa watatu ndani ya gari moja: wa halmashauri, wa shirika, wa kampuni. Utampa nani, utamnyima nani? Mama alichinja watatu.

Na waliongozana kila safari, maana huo ndio ulikuwa ushirikiano wenyewe, mmoja hakagui bila wenzake kuona. Wakija kupima uzito, kuku watatu. Wakija kupiga picha, watatu tena. Wakaja na mgeni wao kutoka Dodoma, mama akaongeza wa nne. Siku hiyo nilimwambia jikoni, "Mama, hawa wamekuja kuhesabu kuku. Wape chai na viazi vitamu, inatosha." Akanigeukia na kisu mkononi.

"Unataka nivuliwe nguo mbele ya watu? Wameacha kazi zao kwa ajili ya mwanangu, mimi niwape viazi?"

Nilimnyonyoa yule kuku kwa hasira mpaka ngozi ikachanika.

Safari nyingine mama alijaribu kubana, akachinja wawili. Yule wa kampuni akafunua bakuli lake, akachokoachokoa mchuzi kwa kijiko, akatabasamu. "Mama, naona mimi leo sijafika." Wenzake wakaangua kicheko. Ulikuwa utani, lakini mama uso ulimshuka. Akatoka nje akakamata tetea aliyekuwa ameanza kutaga. Na wale mabwana wakasubiri! Walikaa pale wanazungumzia fursa za vijana mpaka kuku akaiva.

Watu wataniambia ni mila, hakuna wa kulaumiwa. Mimi nawalaumu. Wote watatu walizaliwa huku huku, wote wana mama zao, na kila mmoja alijua kilichomo kwenye bakuli kimetoka banda gani. Kukataa kulikuwa kwao, siyo kwa mama.

Siku ya ukaguzi wa mwisho walipita bandani kwanza. Nafasi tupu ilikuwa kubwa hata mtoto angeiona. Wakanong'onezana, wakarudi sebuleni, wakakuta chakula mezani. Wakala. Mdogo wangu akawanawisha, maji ya vuguvugu, goti moja chini, kama alivyofundishwa. Ndipo yule wa shirika akafuta midomo akasema, "Mama, umetupokea vizuri mno, Mungu akubariki. Ila kwa banda tumesikitika. Kideri kiliwapitia?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyekufa."

"Sasa wameenda wapi?"

Nilisubiri aseme. Wallahi, nilimwomba kimoyomoyo aseme. Mdogo wangu alikuwa bado ameshika jagi na beseni, anamtazama mama. Mama akainamisha macho.

"Mwewe," akasema.

Wakamshauri safari nyingine afunge wavu juu ya banda. Wakaaga.

Chuo kilipofunguliwa, aliyekwenda ni binti wa jirani yetu, yule mama ambaye kijiji kizima kilimwita mchoyo kwa sababu wageni wa mradi aliwapa chai ya rangi tu. Tulimsindikiza binti mpaka kwenye bodaboda ya Ilongero. Mdogo wangu alimfungia begi, akampungia mkono, akarudi nyumbani akaingia ndani. Wiki hiyo hiyo alianza kuponda kokoto kule kwenye majabali, na huko ndiko aliko mpaka leo.

Hakuwahi kumgombeza mama. Mara moja tu, asubuhi, anafunga kitambaa kichwani aende kazini, alimuuliza taratibu, "Mama, kwa nini hukuwaambia ukweli?"

Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua uso. "Nilidhani nikiwatunza wao, na wao watakutunza wewe," akasema.

Mdogo wangu akachukua nyundo yake akatoka.