Dereva wa Mfuniko wa Sufuria

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, majirani waliwaambia watoto wao mara moja, watoto wakashangilia, mambo yakaisha. Mimi nilimwambia binti yangu siku nne mfululizo. Ana usonji, na wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne. Kwake yeye basi la shule hufika getini saa moja na robo, basi. Saa moja na robo alikuwa pale na sare yake, na dakika moja baadaye alikuwa anapiga kelele na kujigonga kichwa kwenye nguzo.

Siku ya tano nilitoka jikoni na mfuniko wa sufuria kubwa, nikaushika kwa mikono miwili, nikapiga honi kwa mdomo. Akanyamaza. Akashika kanga yangu kwa nyuma, tukaondoka.

Nilidhani ni mchezo wa asubuhi moja. Ikawa njia ya vituo tisa, kuanzia getini, banda la kuku, migomba, hadi mferejini na kurudi, asubuhi na mchana. Nikishuka kuangalia ndizi jikoni, tunaanza upya kituo cha kwanza. Baba yake alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka wa Tarakea tangu ulipofungwa, na kila siku alinipigia kunipa pole. Akipiga saa ya basi sikuweza kupokea, kwa sababu dereva haruhusiwi kuongea na simu.

Nilichoka hadi nikaanza kumchukia dereva wa kweli wa lile basi, mzee wa watu ambaye hakunikosea chochote. Nililia nikiwa kwenye usukani. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mtoto alikuwa nyuma yangu, haoni uso wangu.

Jirani yangu hapa mtaani Rau alichungulia juu ya ua, akaona mwanamke mzima anaendesha mfuniko, analia na kupiga honi. Akafanya kama jirani mwema, akamwambia kila mtu. Habari ilipanda mlimani kwa wakwe zangu, na ilipofika huko nilikuwa nimerukwa na akili kwa hasira za ndoa.

Jumamosi moja mchana wakashuka watatu wenye barakoa za kitenge: mama mkwe, baba mdogo wa mume wangu na shangazi yake. Baba mdogo alishika jani la sale. Kwetu Wachaga sale ni la kuombea msamaha, na ukiletewa hulikatai. Walikuwa wamekaa kikao wakaona kwamba mke akifikia hatua ya kuendesha mfuniko, lazima kuna mtu kamkosea. Kwa kuwa hawakumjua mkosaji, waliamua kuomba kwa niaba ya ukoo mzima.

Bahati mbaya ilikuwa saa ya basi. Sikumaliza hata shikamoo, binti akawapanga nyuma yangu. Baba mdogo, katekista mstaafu, akaanza hotuba ya msamaha huku tunatembea, mkono mmoja na sale, mwingine umeshika kanga ya shangazi. Kwenye migomba akaniuliza, "Mwanangu, tumekukosea nini?"

Nilitaka kusema hakuna kosa. Badala yake nikafunga breki.

"Miezi mitatu hamjaja," nikasema. "Mnanipigia simu kuniambia nijikaze. Nimeshindwa kujikaza. Nataka kulala."

Binti akaanza ile sauti yake ya kukoroma inayotangulia kilio. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akatoka kwenye foleni akanipokonya mfuniko.

"Nenda kalale, mama," akasema. "Vituo viko vingapi?"

"Tisa," binti akajibu.

Nikalipokea sale, nikaingia ndani, nikajitupa kitandani na viatu vyangu vya matope. Niliposhtuka ilikuwa jioni, jua limeshahamia upande wa Machame. Nikakimbilia dirishani nikijua nitakuta mtoto kajiumiza. Nikamkuta mama mkwe anarudishwa kituo cha kwanza kwa kosa la kupita banda la kuku bila honi. Baba mdogo alikuwa nyuma yao akilalamika kwamba magoti yamekwisha, na binti akimwambia akae kwenye siti yake.

Nikarudi kitandani, nikavua viatu, nikalala tena.