Kigari cha Gofu Kilichoombewa Bokoli

Kama umesikia habari za mtu wa Bokoli aliyeuza fahali akanunua kigari cha gofu kilichotumika, usitafute mbali. Ni mimi. Nilikipata Kitale, kwenye klabu moja ya gofu. Nilipokijaribu uwanjani hakikunguruma hata kidogo, nikajiambia injini hii ni nzima kama ya gari la waziri. Nikakileta nyumbani kwa lori.

Jumapili nikachinja jogoo, nikaita pasta na majirani tukiombee, kama gari lolote jipya. Baada ya amina nikampandisha pasta, tukazunguka boma huku akina mama wakipiga vigelegele. Tulipofika kwenye zizi tupu la yule fahali, kikazima.

"Mafuta imeisha, bana!" nikatangaza kwa maringo.

Petroli ikaletwa. Nikatafuta pa kumimina, wapi! Pasta akaanza kukemea pepo. Nikainua kiti: hakuna injini wala tangi, ni betri tu, na waya mrefu wa kuchaji.

Mke wangu akaushika ule waya, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Sasa Baba Nekesa, hii tutachomeka wapi? Kwa koroboi?"